Aura

Kule Posio neno ni moja tu: aura.
Ndilo plau la babu yake Raili,
chuma kilichochana udongo wa mawe
nyuma ya farasi mwenye pumu.
Shamba lile sasa ni msitu,
na plau limeegemea ghala, kutu hadi mpinini.

Ndilo pia hili la Raili mwenyewe:
bamba la mita nne mbele ya lori la manjano,
saa kumi alfajiri,
theluji ikiruka kando kama pumba zikipepetwa.
Ana chupa ya kahawa, redio inayokwaruza,
na kilomita tisini na mbili, kwenda na kurudi.
Akifika njia panda ya kwake
hukata kona isiyo kwenye ratiba,
akafyeka hadi kizingitini
ili soksi za Ilmari zisilowe.

Ilmari ana miaka kumi na saba.

Alipokuwa na saba, mlimani,
mwalimu wa ski alimpigia kelele: Aura! Aura!
Yaani kutanisha ncha, tanua visigino,
fanya miguu paa la nyumba, upunguze mwendo.
Mtoto akacheka. Hiyo ni kazi ya mama, alisema,
akateremka wima mpaka mti ukamsimamisha.
Kovu lipo kidevuni.
Kesho yake Raili aliandika barua:
mti ule ufungwe godoro.

Juzi redioni mtaalamu wa malezi alisema
wapo wazazi walio plau:
hutangulia mbele ya mtoto, husukuma kila kitu kando,
naye hukua bila kujua theluji ina kina gani.
Raili akazima. Akawasha tena.
Mtaalamu ameshaondoka, wanapiga muziki wa tango.

Alizihesabu simu zake.
Kwa mwalimu wa hesabu, tatu.
Kwa mwenye gereji, kuhusu kibarua cha kiangazi.
Kwa mama wa yule msichana, moja,
ambayo Ilmari haijui.

Na theluji haiishi kwa kusukumwa.
Huishia mlangoni kwa mtu.
Hilja Säkkinen, miaka themanini na moja,
kila asubuhi huutoboa kwa koleo ule ukuta
ambao lori humwachia langoni,
na kila asubuhi humpungia Raili mkono.

Mwezi wa nne korongo walirudi.
Kundi lao nalo, kule, ni aura:
mmoja anapasua upepo, wengine wanaupanda.
Lakini wa mbele akichoka huteleza nyuma,
mwingine akashika ncha,
wala hapaitishwi kikao.

Usiku ule theluji ya mwisho ilianguka, nzito, ya maji.
Alfajiri Raili alifika njia panda,
akapunguza gia,
hakukata kona.
Kwenye kioo cha pembeni aliona taa ya ukumbini ikiwaka,
kisha mlango ukisukuma theluji, kidogo,
ukakwama,
ukasukuma tena.