Swali la Tisa

Fomu ina maswali tisa. Ilitungwa nchi ya baridi,
ikatiwa Kiarabu huko Maskati,
na mimi, chumba namba nne, hapa Ibra,
naitia tena Kiswahili kwa mdomo,
kwa kuwa mgongo wa Mbarak bin Sleyum
huuma kwa lugha ya mamake.
"Unafukuta," asema. "Kisha unachoma. Kisha unanuna."

Miaka kumi na moja. Lori la maji, njia ya Haima,
kiti kilichokufa springi,
barabara yenye mikunjo kama ubao wa kufulia.
Picha ya uti ameileta katika mfuko wa duka la viatu:
pingili mbili za chini zimekaribiana
kama watu wasiosemezana ndani ya lifti.
Nikamwambia picha haisemi mengi.
Hakuniamini. Nami singejiamini.

Usingizi? "Nausikia kwa jirani."
Unaogopa kuinama? "Nani haliogopi shimo lililomvunja?"
Kazi? "Walinishukuru."
Swali la sita, la huzuni, alitazama kiyoyozi
mpaka nikaitia alama mwenyewe.

La tisa: kutoka sifuri hadi kumi,
unaamini kiasi gani kwamba mazoezi yatakufaa?
"Inshallah," akasema.

Haya, inshallah ni ngapi?
Iko inshallah ya fundi bomba: hiyo mbili.
Iko ya mama anayemfunga mwanawe mkanda wa gari: hiyo kumi.
Ya mjomba wangu akialikwa harusi ya mbali
ni sifuri, na ukoo mzima unajua.
Ya Mbarak ilitoka na pumzi, polepole,
kama upepo wa tairi lenye mwiba.
Nikaandika tatu.

Kompyuta ikajumlisha, ikatoa nyekundu.
Nafuu: asilimia kumi na tisa.
Daktari Haitham, kwa upole: nafasi ni chache,
mpe karatasi ya mazoezi akafanye nyumbani,
mchukue yule mwalimu wa Mudhaibi,
kijani, themanini na mbili.

Siibezi hesabu. Nimewaona wekundu wengi
wakirudia vidonge vyao,
na hesabu haikuwa imewasingizia.
Ila mkono wake ukiwa kwenye kitasa
nikamuuliza lisilokuwamo:
ukipewa mgongo kwa nusu saa tu, utaufanyia nini?

"Nitamkata Ghania kucha za miguu."

Mkewe ana sukari, macho yameingia ukungu.
Jirani humkatia, hukata kwa haraka;
mwezi wa Shaabani kidole kimoja kilitunga usaha.

Basi tukaanza na kucha.
Kigoda kirefu, kigoda cha kati, kigoda cha jikoni,
na mguu wa plastiki wa kufundishia, hauna hata ukucha,
yeye ameushika kama yai.
Wiki ya tano hakuja. Nikasema, ndiyo hesabu hiyo.
Ya sita akaja, hakueleza, sikuuliza.
Mwalimu wa Mudhaibi alikuja mara mbili tu.

Wiki ya kumi na mbili, fomu ile ile.
Maumivu: nane imekuwa saba.
Kwa vipimo vyetu nane na saba ni ndugu wa tumbo moja.
Nikaandika: hakupata nafuu,
kwani ndivyo inavyoandikwa.

Akatia mkono mfukoni mwa kanzu,
akatoa tishu iliyokunjwa mara nne,
akaikunjua juu ya fomu.
"Nakwenda kuzizika," akasema. "Nilitaka uzione kwanza."
Nyeupe, nene, zimepinda kama miezi michanga.

Nikazihesabu, ni mazoea ya kazi. Tisa.

"Ya kumi iliruka," akasema. "Niliingia uvunguni
kuitafuta, mpaka kule ukutani.
Sikuiona."