Tarakimu Sita

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi,
nachapa kiapo cha mtu aliyepotelewa na kadi ya pikipiki.
Hongera. Umechaguliwa. Shahada ya Sheria.
Chini yake tarakimu sita, na onyo:
thibitisha kabla ya Ijumaa, saa sita usiku.
Nikamalizia kiapo. Kwamba yote niliyoyaeleza hapo juu ni kweli.
Shilingi elfu mbili, pamoja na nakala.

Si Mlimani.
Ni kile chuo cha Tegeta, ghorofa ya pili,
chini wanauza vigae na masinki,
na kutoka hapa Temeke ni kuuvuka mji mzima,
kwenda, na kurudi.
Mlimani nimewakosa kwa pointi moja,
pointi ya Historia, karatasi ya pili,
siku niliyoamka na homa
nikaandika Vita vya Majimaji kana kwamba navikimbia.

Sikudhani, ninayekaa naye meza moja,
anasema: Subiri. Rudia mtihani. Mwakani Mlimani, na mkopo juu.
Ni ushauri mzuri, na anautoa kwa upole.
Naye pia alisubiri.
Vyeti vyake vimo kwenye mfuko wa nailoni chini ya printa,
mwaka wa tatu huu.
Hajawahi kuniambia. Ila siku moja wino ulimwagika,
akauokoa mfuko kwanza,
ndipo akakumbuka gauni lake.

Baba mdogo Chambuso kapiga simu kutoka Kilosa:
atalipa muhula wa kwanza,
"na huo mwingine, Mungu mkubwa."
Sentensi hiyo nimeiingiza kwenye kikokotoo mara nne.
Haitoi jibu.

Wahenga nao ni mashahidi wabovu.
Huyu anasema subira huvuta heri,
yule, ngojangoja huumiza matumbo,
na wote wawili wameapa.

Alhamisi akaja Bi Mwantumu,
yule wa kiwanja cha Kongowe.
Humjia fotokopi kila kesi inapoahirishwa,
na kesi yake haijui kazi nyingine.
Akanisogezea karatasi, kidole chini ya mstari:
"Mwanangu, hapa wamesema nini?"
Pingamizi la awali.
Maneno hayo nimeyachapa labda mara mia mbili.
Naijua nafasi yake kwenye ukurasa,
najua yanakolezwa wino, yanapigiwa mstari.
Nikasema: "Ni pingamizi, bibi. La... mwanzo."
Akacheka, bila ubaya wowote.
"Hilo hata mimi nimelisoma."
Akalipa mia tatu, akaondoka na bahasha yake kifuani.

Sikulala vizuri.
Si kwa ajili ya Mlimani.

Ijumaa usiku umeme ulikatika mtaa mzima,
simu ina asilimia tisa.
Nikaandika tarakimu tano, nikasimama.
Nikawaza mwaka mzima wa kusubiri:
Historia upya, Majimaji upya, taratibu safari hii,
na lile geti la Mlimani ninalolijua kwa picha za watu.
Nikawaza vigae.
Nikawaza mtu aniulize mbele ya watu, "Umesoma wapi?"
nami nianze kueleza barabara.
Asilimia saba.
Nikaandika ya sita.
Kile kiduara kikazunguka, kikazunguka,
kama karani anayetafuta jalada analojua lilipo.
Halafu: Umethibitishwa.
Hakuna aliyepiga kigelegele. Wote wamelala.

Asubuhi sikumwambia Sikudhani mpaka saa tano.
Akasema, "Vizuri," akaweka karatasi kwenye printa,
akaitoa, akaiweka tena.

Kesi ya Bi Mwantumu imepangwa tarehe kumi na mbili Machi.
Nimeiandika nyuma ya daftari.
Muhula wa Baba mdogo utakuwa unaishia wakati huo.

Mama amekwisha kushona sketi nyeusi.
Nimeijaribu. Inabana kiunoni.
"Usihofu," amesema, sindano bado mdomoni,
"ndani nimeacha kitambaa cha kuachia."