Mtegemezi

Mtoni Kilambo hakuna daraja, kuna kivuko tu.
Madaraja yako hapa Uhamiaji, mezani kwa ofisa:
A ni ya mwekezaji, B ni ya mwajiriwa,
halafu kuna hati isiyo na herufi, ya mtegemezi.
"Haya, Somoe. Mumeo tumpitishe wapi?"

Bibi yangu alivuka Ruvuma kiangazi, maji magotini,
mtoto mgongoni, kuku kapuni.
Hakuulizwa daraja.

A. Mtaji wa Felisiano ni mashine ya kuchomelea.
Nusu tumeilipa kwa korosho za mwaka jana,
nusu bado ni ya Mzee Nampunju.
Ofisa akataja kiwango, kwa dola.
Nikahesabu kwa vidole, vikaisha.
Nikahesabu kwa mikorosho yetu, ikaisha,
nikaanza ya shemeji.

B. Mwajiri wake nani? Umeme.
Ukikatika Magomeni, amefukuzwa kazi
mpaka urudi.

"Ingekuwa yeye ndiye mwenyeji na wewe mgeni,"
ofisa akasema, bila ubaya, akitafuta mhuri,
"siku moja ungeomba uraia kwa ndoa.
Mume, hapana. Mume tunamhuishia hati tu."
Nikatazama dirishani.
Nondo zile alizichomelea yeye, mwezi wa nne,
mvua ikimkatiza kila nusu saa,
na pesa ya mwisho ilichelewa hadi Juni.

Usiku, fomu ikiwa mkekani, akaniuliza:
"Mtegemezi, kwa Kimakonde ndiyo nini?"
Lugha hiyo ndiyo tuliyotongozania,
yake ya Mueda, yangu ya Newala,
tukichekana kwa maneno mawili matatu.
Nikatafuta. Nikapata neno la mtoto asiyetembea bado.
Nikapata neno la mzee anayelishwa.
Yote mawili nikayameza.
Nikamwambia: limetoka shina moja na tegemeo.
Akacheka mpaka akakohoa, ule moshi wa vyuma.
"Andika, mke wangu.
Ngazi nayo huegemea ukuta."

Nikaandika. Jina lake refu la Kireno
halikutosha kwenye visanduku, likamwagikia pembeni.
Uhusiano: mume.
Anayemtunza: mimi,
na mkono ukataka kucheka.
Muda anaokusudia kukaa:
hapo kalamu ikasimama.
Wameacha nafasi ya tarakimu mbili.