Ndiyo Hukaa Juu ya Macho

Mate ni chai. Usikunje pua:
ni majani machungu ndani ya kibuyu, maji ya moto,
mrija mmoja wa chuma, na sisi kumi na tisa
tukipokezana darasani, Tacuarembó, mwisho wa Novemba,
huku Mwalimu Graciela akihangaika na waya.

Skrini ikafunguka. Kule Upernavik
ilikuwa saa tano asubuhi, na dirishani usiku.
Wanafunzi saba. Masweta. Kimya.

"Mnatusikia?" akauliza Nahuel.
Msichana wa mbele, Pipaluk, akatutazama tu.
"Mnatusikia?" sasa kwa sauti ya mnada wa ng'ombe.
Akatutazama.
Nyuma yangu mtu akanong'ona: wanaringa hawa.
Nami, niseme kweli, nilicheka,
nikaandika daftarini: nyuso za barafu, kama nchi yao.

Tukauliza kama wanakula sili.
Kama mbwa wao hulala nje.
Kama giza halijawachosha.
Maswali kumi na moja, na kila mara
nyusi zake zikapanda, zikashuka,
kama mtu afunuaye pazia kidogo
na kulirudisha.

Mpaka mwalimu wao, sauti tu, nje ya picha:
"Amekwisha kuwajibu ndiyo mara kumi.
Huku ndiyo hukaa juu ya macho.
Hapana iko puani. Lile la giza
alilikunjia pua, hamkuona?"

Hatukuona.
Nahuel akakaa, masikio yamemwiva.

Ndipo Pipaluk akafungua kinywa, taratibu:
"Yule wa kona, mwenye jaketi la kijani.
Kibuyu kimemruka mara tatu.
Amewakosea nini?"

Tukageuka kumtazama Leandro kana kwamba ndiye mgeni.
Hajakosa kitu, tukamwambia.
Alirudisha kibuyu, akasema asante.
Kwetu hapa, kwenye mate, asante maana yake basi;
anayenyamaza ndiye anayeongezwa.

Nyusi zikapanda, za wote saba.

Kumbe muda ule wote tukimhoji,
yeye alikuwa akitusoma,
mkono kwa mkono, hadi kona ya mwisho.

Usiku ule mama, mwiko mkononi,
akaniuliza kama nataka mchuzi zaidi.
Nilikuwa na njaa. Nikanyanyua nyusi.
Akaniuliza kama mdudu ameniingia jichoni,
akaiondoa sahani.