Ubao wa Igogo

Kabla Nyanzobe hajaletwa kuwa mtendaji
mhuri wa mtaa ulilala kwenye mfuko wa suruali ya mtu,
na barua ya utambulisho ilikuwa na bei
kama sangara: inategemea umefika saa ngapi.

Yeye aliomba chaki.
Akapaka rangi nyeusi ukuta unaotazama jiwe
tunaloanikia nguo,
akaandika, herufi zimeinama kama wapanda mlima:

Taka, kaya 210, buku mbili mbili: 420,000.
Gari la taka, safari nne: 260,000.
Kuzibua mtaro: 115,000.
Baki: 35,000.

Tulisoma kwa pembe ya jicho,
maana kusoma hesabu ya serikali hadharani
ni kama kuchungulia chungu cha mkwe.

Siku ya tatu Kalunde, muuza mapanki,
akatua beseni, akahesabu kwa vidole vya mafuta.
"Mtendaji, hapo pamepotea elfu kumi."

Zamani swali kama hilo
lilijibiwa na mgambo.

Nyanzobe alitoka. Akakokotoa, midomo ikicheza,
akafuta kwa kiganja, akaandika 45,000.
Na chini yake:
Nimekosea mimi. Amesahihisha Kalunde.

Mtaro haujafika kwangu bado.
Mvua ya juzi ilishuka na mawe ya mlimani,
ikalala nami, uvunguni.
Lakini jana nimepeleka buku mbili yangu bila kufuatwa,
nikasimama pale ukutani, kiganja kimeshika chenji,
nikaanza kujumlisha.