Barakoa Moja, Kazi Tatu

Ruwi, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la saa.
Kiyoyozi kinadondosha maji ndooni
na mimi nina picha mia tatu na kumi na mbili za Shinuna
harusini kwake, ukumbi wa Mabela.
Taa za zambarau zimempaka shavu moja rangi ya bilingani.

Nachora barakoa.
Ndivyo niiitavyo, ingawa hii haifuniki kitu:
ni uwazi wenye umbo la uso,
pahala ninapoiambia kompyuta, hapa fanya,
kwingine kote mikono mfukoni.
Nazunguka taya, napanda kipaji, nashukia sikio,
ukingo naufifisha usijue nuru imekomea wapi.

Tabaka la kwanza linaondoa zambarau.
La pili linaazima barakoa ileile, linatia joto.
La tatu linaazima tena, linanoa kope.
Najiona mjanja.

Saa tano usiku naona hereni imekatwa nusu.
Nalivuta umbo kuelekea sikio, upana wa punje ya mchele,
kwenye tabaka la tatu tu,
na mawili ya nyuma yakasogea bila kuulizwa.
Joto likamwagika shingoni.
Zambarau ikarudi pembeni mwa pua, kama mdai.

"Hukunakili," akasema Kunjumon, macho kwenye biriani yake.
Miaka ishirini na sita yuko hapa;
Kiswahili kakiokota kwa wateja, Kiarabu kwa trafiki.
"Umetumia tena. Ukitumia tena, iko moja tu.
Ukinakili, ziko mbili, na hazijuani."

Hazijuani.
Bibi yangu alirejea Ibra kutoka Mkunazini
hajui barakoa inafungwaje.
Akaazima kigezo kwa jirani, akakikata upya
kwenye karatasi ya mfuko wa saruji,
akakitundika msumarini nyuma ya mlango.
Dada zake wakaja mmoja mmoja, wakakilaza juu ya kitambaa cha nili,
wakapitisha chaki, wakaenda zao.
Mwaka macho yake yalipoanza kuvimba
akapanua matundu ya kigezo kwa mkasi.
Barakoa za Sinaw na Mudhaibi, zilizokwisha kushonwa,
hazikupanuka hata uzi.
Bi Shawana amekufa akichungulia dunia kwa matundu ya zamani.

Basi nanakili.
Picha ya arobaini na moja: nabandika.
Lakini Shinuna amegeuka kumcheka mtu
na barakoa haikumfuata. Haina macho,
inajua hesabu: toka kushoto kadhaa, toka juu kadhaa.
Nuru yote ya bibi harusi
imemwangukia mwanamke wa meza ya nyuma
anayemenya chungwa.

Simjui. Labda shangazi, upande wa bwana.
Yeye barakoa yake ya kitambaa,
nili imemwachia doa chini ya jicho,
na kope nilizozinoa bila kukusudia
ni za mtu aliyepigwa picha mara mbili tatu maishani,
zote za pasi.
Ganda la chungwa linaning'inia, refu, halijakatika.

Kunjumon anajipangusa vidole.
"Futa hiyo. Wamemlipia bibi harusi."

Nikanakili nyingine, nikaisukuma taratibu
mpaka ikamkaa Shinuna, akiwa bado anacheka,
barakoa mpya isiyojua habari ya mwenzake.
Ile ya kwanza nikaiacha ilipoanguka.

Asubuhi mamake atakuja na flashi yake na haraka zake,
atapitisha, atapitisha, kisha atasimama.
"Huyu nani kampa taa?"

Nitasema mashine.