Tundu la Suweid

Jumamosi, saa tatu kasorobo,
nimo roshani naanika mashuka,
nikawaona chini, watu kama thelathini,
kofia za jua, vibandiko vya majina vifuani.
Nikadhani watu wa bima. Nikadhani manispaa
imekuja hatimaye kutupiga chaki ya kubomolewa.

Kumbe wanatazama juu.
Wanalipiga picha jengo letu.

Jengo hili? La nyuma ya Barabara ya Honda, Ruwi,
ghorofa nne bila lifti,
bomba linalia usiku kama paka aliyenyimwa,
na wanangu wa Mawaleh wakija
salamu yao ni, "Mama, unahama lini?"

Msichana wa mbele ana kipaza sauti.
Upepo unaniletea vipande vipande:
wasanifu majengo... matembezi ya mwezi huu...
mwaka sabini na nne... zege... ukuta wa matundu,
tazameni unavyopumua.

Unavyopumua!
Mimi na ukuta ule tuna ugomvi wa miaka thelathini na minane.
Kila tundu nimelichokoa kwa kisu na kitambaa,
nikatoa manyoya ya njiwa, vumbi la shamali,
soksi ya Kunjumon wa duka la vyerehani.
Lau ungepumua, ungepiga chafya.

Hodi. Ni yeye, Ghaniya, na wenziwe saba;
waliobaki wamesimama ngazini, wanahema.
Alianza kwa Kiarabu, akaiona kanga yangu,
akageuza ulimi pale pale:
"Shikamoo bibi, tunaomba tuingie, dakika tano."
Kiswahili cha kuokoteza jikoni kwa bibi yake,
lakini kimeiva.
Nikasema karibuni, msivue viatu.
Wakavua. Viatu kumi na sita mlangoni,
utadhani kuna hitima.

Saa tatu na dakika kumi jua likafika ukutani.
Nalijua jua lile. Nalipiga deki kila siku.
Vijiduara safu kwa safu juu ya sakafu,
vinatambaa toka mguu wa kochi hadi zuliani,
na adhuhuri vimekwisha.
Wageni kimya.
Kijana mmoja akachuchumaa, akatandaza kiganja
kama mtu anayekinga maji ya mfereji.
Nikatafuta la kusema, sikupata,
nikaenda kuteleka kahawa.

Nikarudi Ghaniya anahesabu, futi mkononi.
"Mia na kumi na moja. Na hili hapa...
hili nani kaliharibu?"

Hajaliharibu mtu. Ni mume wangu, Suweid,
mwaka tisini, kwa nyundo na bisibisi,
apitishe waya wa antena aone Kombe la Dunia.
Kameruni walipotolewa alikaa hapo ulipo wewe,
hakula mpaka kesho yake.

Mmoja wao akasema si kitu, saruji kidogo tu,
lilingane na mengine.
Ghaniya akamtazama. Akalitazama tundu.
Kalamu imesimama, kahawa inapoa,
na mimi na birika langu mkononi
kama nasubiri hukumu ya kadhi.

Hakuandika kitu. Wakanywa, wakashukuru,
wakavaa viatu, viwili vikagombaniwa.

Mwezi ulipokwisha bahasha ikapenyezwa chini ya mlango.
Jengo letu limechorwa, mistari myembamba kama unywele,
halina bomba, halina mashuka,
hata kibao cha Kunjumon hakimo.
Nikavaa miwani. Nikapita kwa ukucha,
ghorofa ya tatu, ya pili toka pembeni,
tundu kwa tundu.

Waya ulikatika zamani, na mwenyewe hayupo.
Lakini asubuhi mwanga wake hauna duara,
umechanika upande mmoja,
na hufika kwenye kochi mbele ya wenziwe wote.

Simu ikalia. Ni mwanangu wa Mawaleh.
"Mama, basi unahama lini?"
Nikamwambia ngoja kwanza,
usinipotezee hesabu.